Mdogo Wangu, Usianze na Msasa

Najua ulivyo, mdogo wangu. Umekitazama kile kibweta cha bibi kilichopakwa kijani juu ya buluu, hamu ikakupanda ya kuuona mti ulio chini yake, na sasa hivi una msasa mkononi. Uweke chini kwanza. Sikukatazi, nataka tu umalize kazi kibweta kikiwa kizima na wewe mwenyewe mzima.

Karibu kila anayeanza hukimbilia msasa, kwa hiyo usione haya. Kwenye meza pana madhara yake si makubwa, lakini kitu kidogo chenye nakshi kina mistari myembamba kuliko ukucha. Rangi imejificha mle vishimoni, na msasa unapita juu juu. Unachokila ni lile ua lililochongwa, na rangi imebaki palepale. Bandu bandu huisha gogo, na nakshi ikishalika hakuna fundi wa kukurudishia.

Halafu kuna vumbi, na hili ndilo linaloninyima usingizi kwa ajili yako. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zikachelewa sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake haliwashi wala halikuonyi. Linamwingia mtoto anayetambaa sakafuni na kulamba vidole, linamgusa ubongo, halafu miaka ikipita unamgombeza kwamba hashiki masomo. Kama una mimba, kazi hii mwachie mwingine, na hapo sitaki tubishane. Barakoa ya kitambaa isikudanganye, vumbi hilo linapita.

Sasa tufanye hivi. Chovya pamba kwenye spiriti, usugue chini ya kibweta pasipoonekana. Pamba ikichukua rangi, basi hiyo ni rangi ya maji. Ifunike kwa kitambaa kilicholowa spiriti, iache ilainike, kisha mswaki mkuukuu na kijiti cha mshikaki vitaitoa mle ndani ya nakshi. Pamba ikitoka safi, huenda rangi hiyo ni ya mafuta, na itabidi uende duka la vifaa vya ujenzi ukanunue dawa ya kuondolea rangi. Soma lebo kabla ya kulipa. Ukiona methilini kloraidi, irudishe rafuni, maana mvuke wake umeshaua watu waliofanya kazi vyumba vilivyofungwa. Dawa nyingine ipake nzito, uiache mpaka rangi ivimbe, ndipo uikwangue kwa kijiti. Kisu kiache jikoni.

Fanyia nje, kivulini, ukiwa na glavu, mbali kabisa na jiko la mkaa. Moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Utajua umewaka pale kanga yako itakaposhika. Na jirani akikusifia kostiki soda, mshukuru kisha uachane nayo. Inafungua gundi, inasimamisha nyuzi za mbao, na miti mingine inageuka myeusi.

Na kama una kinyago cheusi unachotaka kukitoa rangi, nacho kina habari yake. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Chako kikiwa chepesi mkononi, na weusi ukahamia kwenye pamba, basi ni mti mwingine uliopakwa, pengine kwa rangi ya viatu tu. Najua inauma kama ulikinunua kwa bei ya mpingo. Hata hivyo usikivue nguo kwa hasira, kwa sababu mti mweupe utakaoutoa mle hautakupendeza zaidi. Na kama juu ya kibweta kuna maua aliyoyachora bibi mwenyewe kwa mkono wake, nakuomba yaache. Mbao zipo tele dukani, mkono wa bibi haupo.

Mabaki ya rangi yakusanye yakiwa mabichi, yafunge kwenye gazeti, sakafu uifute kwa kitambaa kilicholowa maji, usifagie. Nimeona watu wakitupa mabaki hayo jikoni pamoja na kuni na chakula kikiwa motoni. Tafadhali, usifanye hivyo hata siku moja, na nguo za kazi zifue peke yake.

Mti ukishakauka vizuri kivulini, hapo sasa shika msasa wako, ule laini wa 220, upitishe kidogo tu sehemu tambarare ukiwa umeulowesha. Kisha paka mafuta ya kitani. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakisukuma pembeni, kwa maana mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku mmelala. Kitandaze nje, kwenye sakafu ya saruji, mpaka kiwe kikavu na kigumu.