SULHU BAINA YA WALIOKHITILAFIANA KATIKA SIASA

Sulhu ni mapatano yenye kukata ugomvi. Si sharti lake kila mmoja aache rai yake. Sharti lake ni kulishika kwa pamoja lile ambalo wote wanalihitajia, na lililobaki wakalijadili pasina kumwaga damu.

Mfano wake ni khabari ya Unguja na Pemba. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, CCM na CUF waliteta juu ya hesabu ya kura, hata Januari 2001 watu wakauawa, na wengine wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Muafaka uliandikwa mara mbili, mwaka 1999 na 2001, wala haukudumu. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana. Wala jambo halikuachiwa wakubwa wawili: lilipelekwa Baraza la Wawakilishi, na tarehe 31 Julai 2010 raia wakaulizwa, katika kila mia waliopiga kura, 66 wakaridhia. Katiba ikabadilishwa, chama cha pili kikapata Makamo wa Kwanza wa Rais, na mawaziri kwa kadiri ya viti vyake.

Na katika uchumi kadhalika. Karafuu nyingi hutoka Pemba, na mnunuzi wake kwa sheria ni shirika la dola. Bei ikiwa duni, hupitishwa Mombasa kwa magendo. Dola hukosa mapato, na mkulima huikhatirisha mali yake na nafsi yake. Khasara hii haiulizi mtu ni wa chama gani. Serikali ya pamoja ilipoipandisha bei mwaka 2011, aliyenufaika ni kila mwenye mikarafuu.

Yapasayo kujuliwa hapa ni mambo matatu:

Kwanza, sulhu ya viongozi peke yao ni dhaifu. Ya raia ina nguvu zaidi.

Pili, nayo pia huvunjika pakikosekana uaminifu. Uchaguzi ulipofutwa tarehe 28 Oktoba 2015, CUF waliukataa wa marudio wa Machi 2016, na serikali ya pamoja ikakoma.

Tatu, kuirudia sulhu si unyonge. Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, aliingia tena serikalini, ijapokuwa chama chake kilikuwa kimeyakataa matokeo ya uchaguzi. Akafariki Februari 2021.

Basi mwenye kutaka amani na atengeneze mizani miwili: wa karafuu na wa kura. Ukipunjwa mmoja, wa pili hauaminiwi.