RAMADHANI 12: KOZI NA KITUO CHAKE



Ndugu zangu katika imani, darasa la leo tunalichukua kwa ndege mdogo anayeitwa kozi wa Amur. Ni jamaa wa kipanga, lakini uzito wake ni kama gramu 150 tu, hata robo kilo hafiki. Huzaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China. Baridi ikikaribia huko, wadudu anaowala hupotea. Basi anahama kufuata riziki, mpaka kusini mwa Afrika. Njiani hupita Somalia, Kenya na hapa kwetu Tanzania, mara nyingi wakati wa mvua za vuli, kumbikumbi wanapotoka.

Sasa hebu tujiulize: ndege wa gramu 150 anavukaje bahari? Kule juu ya maji hakuna mti wa kutua, na yeye si bata wa kuogelea.

Siri yake ni kituo. Mwezi wa Oktoba na Novemba, makundi makubwa hutua Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, karibu na bwawa la Doyang. Hukaa wiki mbili tatu hivi, na kazi yao ni moja: kula. Wanakula kumbikumbi mpaka mwili unajaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo petroli ya safari. Kisha wanaondoka na upepo wa kaskazi, upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi ya Oman na India mpaka pwani yetu. Baadhi ya kozi waliofungwa vifaa vya setilaiti wameonekana wakitoka Nagaland mpaka Somalia, zaidi ya kilomita 5,000, kwa siku tano hivi bila kutua popote. Subhaanallah!

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa ndege tulipofundishwa tawakkul: hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni wameshiba. Angalia vizuri, ndege *anatoka*. Kozi hatengenezi upepo, upepo ni wa Mwenyezi Mungu. Lakini kujaza tumbo kabla ya safari ni kazi yake mwenyewe. Asiyekula kituoni, hata upepo uwe mzuri vipi, atachoka katikati ya bahari.

Ndugu zangu, Ramadhani ndiyo kituo chetu. Mbele yetu kuna miezi 11 ya kuvuka. Aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayozungumzia Hija, inatufundisha kuchukua masurufu ya safari, na kwamba masurufu bora ni taqwa. Tumbo tunalifunga mchana ili moyo ule.

Lakini habari ya kozi haijaisha. Mwaka 2012 pale pale Doyang watu walitandika nyavu, wakanasa ndege kwa ajili ya kuuza nyama. Makadirio yalikuwa ni kozi 120,000 hadi 140,000 katika msimu mmoja. Mtegaji ana akili: hakumfuata kozi baharini, alitega pale anapokuja kula.

Na sisi je? Nyavu zetu zimetegwa wapi kama si kwenye mwezi huu huu? Futari nzito mpaka tarawehe inatushinda. Simu mkononi kuanzia isha mpaka daku. Baraza la kusengenya wakati wa kusubiri adhana. Mtu amefika kituoni salama, kumbe ananaswa hapo hapo, na Shawwal inamkuta mtupu.

Wale wa Nagaland, wengi wao ni Wakristo. Wazee wa vijiji, viongozi wa makanisa, serikali na watu wa hifadhi walikaa wakazungumza. Kuuza ndege kulikuwa kunawapa pesa, si jambo dogo kuliacha. Lakini mwaka 2013 nyavu ziliondolewa, na kijiji cha Pangti leo kinajulikana kwa kuwalinda kozi. Msimu mmoja tu ulitosha kubadilika. Sisi tuna siku 18 au 17 zilizobaki.

*Kazi ya leo:*
1. Chagua wavu mmoja unaokunasa, uutoe usiku huu. Mmoja tu, lakini utoke kweli.
2. Chagua sunna moja ndogo utakayovuka nayo mpaka Ramadhani ijayo: rakaa mbili za usiku, au ukurasa mmoja wa msahafu kila siku. Anza leo, usingoje Idd.
3. Wazazi, watoto wetu waweke chini manati. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfanya kiumbe hai kuwa shabaha. Huyo ndege juu ya waya wa umeme huenda ni mgeni aliyevuka bahari.

Yaa Allah, tujaalie tutoke katika mwezi huu na masurufu ya kutosha, na utuvushe salama. Aamiin.

Tukutane tarawehe inshaallah. Mtumie na mwenzio.