Maji ya Shawa Yanavuja: Uliza Lini Kabla ya Kuuliza Wapi

Fundi akiingia bafuni na nyundo na tindo kabla hajauliza maji yanavuja wakati gani, mwombe asubiri. Marumaru zikishavunjwa hazirudi, na mara nyingi zile zilizovunjwa hazikuwa na kosa lolote. Doa kwenye dari ya chumba cha chini, au rangi inayovimba na kubanduka ukutani upande wa pili wa bafu, si lazima liwe mkabala na mahali panapovuja. Maji hufuata mteremko wa zege, hupita kandokando ya bomba, kisha hutokeza pale yanapopata upenyo. Kwa hiyo doa halitakuonyesha mahali kwa uhakika. Wakati wa kuvuja utakuonyesha, ukilichunguza doa hilo kwa subira.

Kabla ya yote, kama shawa yako ni ya umeme, izime kwenye swichi yake kuu. Na kama doa limekaribia taa au soketi, kata umeme wa sehemu hiyo kwanza.

Anza na mabomba yenye presha. Haya yana maji usiku na mchana, hivyo yakitoboka hayapumziki: ukuta unabaki umelowa hata familia nzima ikiwa safarini. Funga koki zote, soma mita, kaa saa moja au mbili bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Kwenye nyumba inayotumia tangi la juu, mita haitakusaidia. Funga maji yanayoingia tangini usiku, weka alama kwenye usawa wa maji, ukaangalie alfajiri kabla ya mtu yeyote kunawa. Mita ikisogea au usawa ukishuka, angalia kwanza tangi la kuflashia choo, maana huvuja kimyakimya. Likiwa zima, bomba ndilo lenye tatizo. Kwa nyumba kongwe za Pwani ambazo mabomba yake ya chuma yamepitisha maji ya chumvi ya kisima kwa miaka, siungi mkono kuziba tundu moja. Kutu iliyotoboa hapa inaendelea kula pengine. Badilisha mkondo wote uweke mabomba ya plastiki.

Mita ikitulia, au usawa wa tangi usiposhuka, na doa likawa linaongezeka baada ya watu kuoga tu, acha bafu likauke siku mbili, kisha pima sehemu mojamoja. Ukipima mbili kwa pamoja hutajua ipi imekujibu.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kipande cha bomba kinachopanda ndani ya ukuta kutoka kwenye koki hadi kichwa cha shawa. Mita haikigundui kwa sababu kina maji wakati koki imefunguliwa tu. Fungua kichwa cha shawa, ziba mdomo wa bomba kwa plagi inayolingana nao, kisha fungua koki kwa nusu saa. Kama doa limelowa huku marumaru ni kavu, umepata jibu. Wakati mwingine ni nyuzi tu za pale kichwa kinapofungwa: hapo plagi inaweza kuwa imeuficha uvujaji, kwa hiyo hata jaribio likipita, safisha nyuzi hizo, zungushia tepu mpya kwa kufuata upande wa kukazia, na ukaze upya.

Halafu tundu la kutolea maji. Mimina ndoo kadhaa kwa mpira au faneli moja kwa moja ndani yake, pasipo kulowesha sakafu. Kukivuja, ni maungio ya bomba la maji machafu, na mara nyingi yanafikika kwa kufungua dari ya chini bila kugusa marumaru.

Kisha sakafu yenyewe. Ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jaza maji kina cha sentimita mbili au tatu, weka alama kwa penseli, uache saa 24. Mwisho rushia maji ukutani, upande mmoja kwa siku, ukianzia chini.

Ikiwa ni ukuta ndio unaopitisha, kwa kawaida kona na maungio ndiyo yamepasuka. Kwangua grauti ya zamani mpaka upate nafasi ya kutosha, ondoa vumbi lote, lowesha kidogo, shindilia mpya. Kuipaka juu ya ile iliyooza ni kupoteza pesa. Kwenye kona, na pale ukuta unapokutana na sakafu, usiweke grauti kabisa. Sehemu hizo hujongea na itapasuka tena. Weka silikoni ya bafuni, baada ya kutoa ya zamani yote, kwa sababu mpya haishiki juu yake. Usioge hapo kwa saa 24.

Sakafu ikishindwa jaribio hata baada ya kuziba maungio hayo, hapo ndipo nyundo inapopata kazi. Grauti ya saruji haikuwahi kuzuia maji. Kinachozuia ni tabaka lililo chini ya marumaru, na kwenye nyumba nyingi fundi alilipuuza. Vunja sakafu, rudisha mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, kisha paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Ipandishe ukutani angalau sentimita 15, na kwenye kuta zinazopigwa na shawa ifike juu ya kichwa cha mwogaji. Ikikauka, ziba tundu ujaze maji tena kwa saa 24, kabla ya marumaru hata moja kurudi. Ili fundi asije akasema hilo linamchelewesha, mweleze mapema, siku ya kupatana bei, kwamba malipo yake ya mwisho yatatoka dari ya chini ikiwa kavu.