Kusafisha na Kusawazisha Shamba la Mteremko

Mtu apatapo kipande cha ardhi chenye vichaka, mawe na mteremko, hamu yake ya kwanza ni kukiona cheupe. Hushika panga na kiberiti, na baada ya siku chache shamba huonekana safi. Kisha mvua kubwa ya kwanza hunyesha, na maji yateremkayo mtoni huwa mekundu. Wekundu ule ndio shamba lake. Udongo wa juu, ambao mara nyingi kina chake hakizidi shubiri moja, ndio wenye mboji na chakula cha mimea. Ulio chini yake ni mgumu na hauna rutuba. Basi kusafisha shamba si kuondoa kila kitu, wala kusawazisha si kuugeuza mlima kuwa uwanja wa mpira. Kazi yote ina shabaha moja, nayo ni kuuacha udongo wa juu ubaki juu.

1. Kutazama maji

Kabla ya kushika panga, tembea shambani mvua inyeshapo, au mara ikatikapo. Tazama maji yaingilia wapi, yapita wapi na yatokea wapi. Yakiwa yatoka barabarani au katika shamba la juu, chimba kwanza mfereji wa kuyakinga, wenye mwinamo mdogo sana, uyapeleke mahali penye majani mengi. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Maji uliyomtupia jirani hukata korongo, na korongo halijui mpaka. Kichwa chake hupanda mlima mwaka hata mwaka, mpaka likurudie mwenyewe.

2. Kufyeka na kung'oa visiki

Fyeka kwa vipande, kadiri uwezavyo kuchimbia matuta kabla ya mvua. Usichome takataka, zipange kwa mistari inayokata mteremko, nazo zitazuia udongo na kuoza. Mawe nayo yapangwe hivyo hivyo. Miti yenye faida iachwe. Ukambani, kwa mfano, mti uitwao mukau huachwa shambani kwa sababu mbao zake ni njema, na majani yake hulishwa mifugo wakati wa kiangazi.

Ukitaka kung'oa kisiki, usiukate mti chini kabisa. Acha shina lenye urefu wa kufika kifuani. Chimba kulizunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha funga kamba ndefu juu ya shina na kuvuta. Urefu ule ndio unaowapa wavutaji nguvu. Wasimame mbali kupita urefu wa shina, na watoto waondolewe. Kisiki kilicho mahali pa mteremko mkali kiache kwanza, maana mizizi yake bado inashika udongo.

3. Kupima mstari

Jicho hudanganya mlimani, kwa hiyo tumia kipimo. Chukua miti miwili iliyonyoka, kila mmoja mita 2. Ifunge pamoja juu, uitanue chini, kisha funga mti wa tatu katikati ili upate umbo la herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, mfano wa timazi ya mwashi. Simamisha miguu ya kipimo juu ya vigingi viwili na utie alama mahali kamba ikatapo mti wa katikati. Geuza miguu, wa kushoto uende kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa.

Sasa pitisha kipimo shambani, mguu baada ya mguu, ukipigilia kigingi kila kamba iangukiapo alama ya usawa. Mstari utapindapinda ukifuata mlima. Usishangae wala usiunyoshe kwa nguvu. Ili kupata mstari unaofuata, shuka mpaka macho yako, yakitazama mbele sawasawa, yakutane na ardhi ya mstari wa juu. Kwa mtu mzima, kimo hicho ni kama mita 1.5. Penye mteremko mkali mistari itakaribiana, na penye mteremko mdogo itaachana.

4. Fanya juu

Chimba handaki kufuata vigingi, upana sentimeta 60 na kina sentimeta 60. Udongo wote utupe upande wa juu wa handaki, ukiacha ukingo wa shubiri moja ili usiporomoke kurudi ndani. Panda majani juu ya tuta mara moja, yawe ya kulisha ng'ombe. Kazi iliyobaki itafanywa na mvua na jembe lako: kila msimu udongo utasogea kidogo na kukomea penye tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba litakuwa kama ngazi. Njia hii huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi nyingi.

Ukitaka kusawazisha mara moja kwa sururu na koleo, ondoa kwanza udongo wa juu na uuweke kando. Kata upande wa juu, jaza upande wa chini, kisha urudishe udongo ule mweusi juu ya yote. Asiyefanya hivyo huzika rutuba yake kwa mikono yake, akapanda mahindi juu ya udongo usio na kitu. Na kuna mahali pasipofaa kulimwa kabisa. Kanuni za Kenya za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko uliozidi 35 kwa 100. Mahali kama hapo pafaa miti na majani.

5. Kazi ya hiari

Handaki moja ni kazi ya watu wengi, na historia yetu yatufundisha jinsi ya kuwapata. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos viliharibika sana kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ilitumia amri. Mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, na mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa waziwazi kazi ya lazima ya matuta. Baada ya uhuru mwaka 1963, matuta mengi yaliachwa yabomoke, kwa kuwa yalikumbusha watu amri ile.

Lakini baadaye watu wa Machakos waliyachimba tena kwa wingi, kwa faida yao wenyewe, na vikundi vyao vya mwethya vikisaidiana shamba kwa shamba. Utafiti uliochapwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka sana tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Tuta ni lile lile. Aliyebadilika ni mwenye kuamua.

Basi, mkulima, ita jirani zako, nawe uende kwao zamu yao ifikapo. Baada ya mvua ya kwanza zunguka matuta yote na jembe begani. Palipobomoka hatua moja leo patabomoka hatua kumi mvua ijayo, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.