Ordinateri ya koperative ikikataa kuwaka

Ordinateri yenye orodha ya kilo za kahawa ikikataa kuwaka, musikubali fundi aweke Windows mupya siku ile ile. Kuandika juu ya diski ndiko kunafuta kilo zenu. Mara nyingi Windows ndiyo imekufa, diski ingali nzima.

Mutafute fundi mwenye kle USB yenye Ubuntu. Aingize kle, awashe mashini akibonyeza F12 (kwa zingine ni F9 ao Esc), kisha achague « Essayer », hapana « Installer ». Hapo Ubuntu inatumika ndani ya memori tu. Haiandiki kitu kwa diski musipoiamuru. Afungue diski, akopi mafaili kwenye diski ya inje. Aanze na orodha ya malipo. Picha za sherehe zitangoja.

Diski ikisomeka kwa shida, programu ddrescue inakopi kwanza sehemu nzima, halafu inarudilia zile mbovu. Lakini ikilia tak-tak, muzime mara moja: kuilazimisha kunaweza kuimaliza.

Mafaili yakishatoka, karani alinganishe kilo na risiti za karatasi mbele ya wanamemba, mbele ya kulipa mtu yeyote.