Omba kuonyeshwa watu

Wadogo zangu wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba hapa Lubumbashi, na ninyi mliofuata kazi Fungurume na Kolwezi, swali mnaloniletea ni lilelile: "Yaya, nitajuaje kama ananidanganya? Nifungue telefone yake akilala?" Jibu nalitanguliza ili mwenye haraka asiondoke mikono mitupu. Telefone iache. Omba kuonyeshwa watu.

Mwongo atakupa picha, sauti, kadi ya kazi, hata karatasi ya hospitali yenye muhuri. Shangazi aliyemlea, jirani aliyekaa naye miaka, mchungaji wake, rafiki aliyesoma naye chuoni Kasapa, hao atawaficha, kwa sababu wana midomo yao na hawezi kuwapangia la kusema.

Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionyesha habari ya mama mmoja aliyepoteza euro 830,000. Aliamini kwamba anapendana na Brad Pitt, yule mwigizaji wa Marekani. Ilianza mwaka 2023 kwenye Instagram, akaandikiwa na mtu aliyejiita mama mzazi wa Pitt, kisha "Pitt" mwenyewe akaingia na mashairi na maneno matamu. Baadaye akasema anaumwa saratani ya figo, na akaunti zake zimefungwa kwa sababu ya talaka yake na Angelina Jolie. Picha za kitandani hospitalini zikaja, zilizotengenezwa kwa akili bandia. Watu walimcheka yule mama kwa ukatili mkubwa, hadi TF1 ikaiondoa habari hiyo. Mimi sikucheka. Alikuwa anatoka kwenye ndoa iliyomwumiza, na mtu alimwuliza kila asubuhi ameamkaje. Ila angalieni jambo hili: katika muda wote ule hakukutana na binadamu hata mmoja anayemfahamu mpenzi wake. Hata yule "mama mkwe" alikuwa ni akaunti tu. Binti yake wa kumzaa, aliyekuwa naye ana kwa ana, alimwonya zaidi ya mwaka mzima.

Ya kwetu Lubumbashi huja na pesa ndogo zaidi, lakini njia ni hiyohiyo. Injinia wa Canada, au daktari wa Umoja wa Mataifa, anakuandikia Facebook. Siku ya pili mnahamia WhatsApp. Siku ya tatu wewe ni chérie. Wiki mbili hazijaisha, amekutumia zawadi: telefone mpya, mkufu, na bahasha ya dola ndani ya boksi. Halafu anakupigia "wakala" kutoka uwanja wa ndege wa Luano: mzigo umezuiwa na duane, lipa dola 150 leo, kesho utarudishwa. Na namba ya kulipia ni ya M-Pesa au Airtel Money ya mtu binafsi.

Hapo simama. Ushuru wa forodha unaingia kwenye akaunti ya Serikali kupitia benki, na unapewa karatasi. Hauingii kwenye namba ya kijana. Nenda kwa dada anayekaa chini ya mwavuli na kibanda chake cha kutuma pesa, mpe ile namba, umwombe asome jina linalotokea kabla hujathibitisha. Injinia wa Canada anatokea ana jina la mtu wa hapa hapa. Ukimwuliza, sababu anayo tayari: ni dereva wake, ni katibu wake, ni rafiki yake. Sawa, mwambie, basi huyo rafiki yuko mjini. Nije na kaka yangu tumwone mchana. Utaona hasira itakavyowaka.

Zamani tulikuwa tunasema, mwambie apige video. Siku hizi hiyo haitoshi. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 waliokuwa wakibadilisha nyuso kwa kompyuta hata katika simu za video, na wakachuma takriban dola milioni 46 kwa wanaume waliodhani wamepata wachumba. Yupo pia mpenzi asiyeomba hata franga moja. Yeye anakufundisha biashara ya pesa za mtandaoni, unaona faida inapanda kwenye kioo, na siku ya kutoa pesa yako unaambiwa ulipe kodi kwanza. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar na kama 100,000 huko Kambodia wameshikiliwa kwa nguvu wafanye kazi za udanganyifu wa namna hii. Vijana wa nchi za Kenya na Uganda wameokolewa humo. Waliondoka nyumbani wakiahidiwa kazi nzuri Thailand. Kwa hiyo mkono unaokuandikia "nimekuota usiku" huenda ni wa kijana anayepigwa asipofikisha hesabu ya siku. Mwonee huruma ukipenda, lakini pesa usimtumie.

Wanaume, msidhani haya ni ya kina dada peke yao. Kijana anayetuma transport kwa msichana wa Likasi kila Ijumaa, na kila Ijumaa basi linaharibika au nkambo anaugua ghafla, naye aombe watu. Ana dada? Ana mama? Msalimie mama yake kwa simu, mchana, kwa heshima. Anayekupenda ataona fahari kukupa mama yake umsalimie.

Sasa nije kwa uongo unaotuumiza kuliko ule wa Canada, wa mwanaume wa kweli, unayemjua kwa sura, anayelala kwako.

Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kama kilomita 300. Watu wanaingia kampi za migodi kwa zamu, wiki kadhaa kazini, siku chache za mapumziko. Maisha hayo yanajenga nyumba nyingi, na pia yanaficha nyumba nyingi. Ujumbe unauona saa moja jioni: "Chérie, niko ku kampi, rezo haiko." Inaweza kuwa kweli, mgodini mtandao husumbua. Lakini kama rezo inakufa kila Jumamosi na Jumapili na kufufuka Jumatatu asubuhi, mdogo wangu, hiyo ni ratiba ya mtu mwenye familia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalishiki: sikiliza wenzake wanamwitaje. Kwetu mwanaume mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto. Mmekaa mahali mnakunywa kitu, anapita mfanyakazi mwenzake, anasalimia "Papa Grâce, habari?" Naye anakuambia ni jina la utani tu. Usigombane hapo. Lishike hilo jina, kisha siku mkiwa wawili mwulize kwa utulivu: Grâce ni nani, ana miaka mingapi, mama yake yuko wapi? Mwenye mtoto na mke waliyeachana atakueleza, pengine kwa shida. Mwenye nyumba nyingine atakugeuzia maneno, na utajikuta wewe ndiye unayeomba msamaha.

Wazee wetu hawakuhitaji upelelezi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kuwakalisha wafanyakazi na familia zao katika kampi zake, na Gécamines ikarithi utaratibu huo. Mke na watoto waliandikwa kwenye vitabu vya kampuni, chakula kilipimwa kwa hesabu yao, nyumba zilipangana ukuta kwa ukuta. Siyasifii maisha yale kupita kiasi. Kampuni iliingia mno katika mambo ya watu, na wanaume walidanganya hata wakati huo. Lakini ukitaka kujua kama fulani ana mke, ulimwuliza jirani. Leo mwanaume anafanya kazi ya mkataba, amepanga chumba Kolwezi ambako hakuna anayemjua baba yake, na hapa Lubumbashi amepanga kingine. Yale macho ya majirani yametoweka, inabidi uyaite wewe mwenyewe.

Sheria iko upande wako. Kanuni yetu ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka mwanaume na familia yake wapatane na wazazi wa msichana juu ya mahari, na hairuhusu mtu kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Ndoa iliyofungwa kwa mila katika familia nayo ni ndoa, inapaswa tu kuandikishwa komini. Kwa hiyo anayekuambia "yule wa Kolwezi ni wa kimila tu, si mke kabisa" anakudanganya mara mbili. Na anayekwambia kwa mwaka wa tatu "tungoje kwanza, familia yangu ni wagumu", mwulize ni nani hasa mgumu, anaitwa nani, anakaa wapi. Nenda na mama mkubwa wako mkamwone.

Kwa nini nawakataza telefone? Kwa sababu utakachosoma humo saa nane za usiku utakisoma moyo ukiwaka, na asubuhi mazungumzo yatahusu wewe uliyepekua, si yeye aliyedanganya. Tena wapo wanaopiga. Usijiweke peke yako na mtu mwenye hasira kwa ajili ya ujumbe. Ukishikwa na shaka, zungumza naye mchana, na mtu wako wa karibu ajue uko wapi.

Na wewe ambaye umeshatuma pesa, au umeshatuma picha zako za faragha, unasoma haya huku machozi yanakulenga. Usifute chochote. Weka ujumbe wote, namba, tarehe, karatasi za kutuma pesa. Usilipe tena, hata akitishia kuzisambaza picha. Akilipwa mara moja atarudi. Mkimbie pia yule anayejitokeza baadaye akisema anaweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo, maana mara nyingi ni walewale. Kujipatia pesa za mtu kwa jina la uongo au cheo cha uongo ni kosa la jinai katika Kanuni yetu ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Tangu Machi 2023 tunayo pia Kanuni ya Dijitali kwa makosa ya mtandaoni. Peleka malalamiko polisi au kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, na usiende peke yako. Nenda na dada, rafiki, au mtu wa kanisa asiyekuhukumu. Pesa huenda isirudi. Lakini ukimwambia mtu mmoja leo, yule mwongo hatakuwa tena mtu pekee anayejua kilichokupata.