Leseni ni Ahadi: Nani Anaangalia Kama Inatimizwa?

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina tu, yaani leseni ya mazingira.

Mwaka jana nilikaa na kina mama na wavuvi wachache kule Ras Kitau, upande wa Manda unaotazamana na Shela. Tulikuwa tumekutana kuzungumzia chama cha akiba, lakini mazungumzo yaligeuka yakawa ya maji. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imetoa bomba nyuma ya ua, na maji meusi yalikuwa yakimwagika mchangani, hatua chache kutoka kisima wanachofulia na kuogeshea watoto. Maji ya kunywa wanayaleta kwa mashua kutoka Amu, kwa hiyo hicho kisima ndicho kinachowapunguzia gharama.

Nikauliza, "Mmewaambia wenyewe?" Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Mwanangu, hawa wana leseni. Sisi tutasema nini?"

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Tunaona leseni kama ukuta, na kumbe leseni ni ahadi. Mwenye mradi ameruhusiwa kujenga *kwa masharti*. Akiyavunja, ile karatasi haimkingi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya mazingira ya Kenya ni ya mwaka 1999, na ilirekebishwa mwaka 2015. Inasema kwamba miradi mikubwa, kama vile hoteli, bandari, machimbo ya mawe na mitambo, ni lazima ifanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. NEMA ikiridhika hutoa leseni, na leseni hiyo huwa na masharti: maji machafu yaende wapi, takataka zitupwe wapi, mikoko iguswe au isiguswe.

Mradi ukishaanza, mwenyewe anatakiwa kuufanyia ukaguzi kila mwaka na kupeleka ripoti NEMA. Wakaguzi wa NEMA nao wana uwezo wa kuingia, kuchota maji wakayapime, na kutoa amri ya kurekebisha uharibifu. Leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa kabisa. Katika kila kaunti panatakiwa pia kuwe na Kamati ya Mazingira, ambayo huteuliwa na gavana.

Sasa fikirini. Lamu ni visiwa, na kwenda kukagua kunataka boti na mafuta. Mkaguzi akija leo, kesho hayupo. Bomba linaweza kufungwa asubuhi anapokuja na kufunguliwa jioni akishaondoka. Lakini jirani yupo kila siku. Mchunga kisima ni yule anayekichota.

Tumejifunza nini hapa kwetu?

Mnakumbuka habari ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi, megawati 1,050. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Watu wa Lamu, wakiongozwa na Save Lamu, walikata rufaa Novemba mwaka huohuo katika Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira, kwa kuwa sheria inatoa siku 60 tu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza lilifuta leseni hiyo. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwapo, lakini ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, na watu hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuyajua matokeo na kuyajibu.

Nayo kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya Lamu iliamuliwa mwaka 2018. Mahakama Kuu ilisema kwamba haki yao ya mazingira safi na haki yao ya kupewa habari zilivunjwa, ikaagiza walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Lakini ile kesi ilifunguliwa mwaka 2012, na uchimbaji wa bahari haukungoja hukumu. Kwa hiyo tusikae kungoja kesi. Tuanze mapema, kwa mambo madogo, kabla samaki hawajahama.

Tufanye nini? Hatua tano

1. *Tuombe masharti.* Nendeni ofisi ya NEMA mkaombe kuona leseni na ripoti ya tathmini. Andikeni barua na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Katiba, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari, na kwa sheria ya mwaka 2016 ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

2. *Tuwe na daftari.* Andikeni tarehe, saa, mahali, mlichoona, na nani alikuwapo. "Wanamwaga kila siku" ni lawama. "Jumanne, saa kumi na mbili jioni, bomba la nyuma, maji meusi yenye harufu, tulikuwa watatu" ni ushahidi. Mwenye simu apige picha.

3. *Tuzungumze na mwenye mradi kwanza.* Nendeni watu wachache, kwa heshima, pamoja na mzee wa mtaa. Pengine mwenyewe yuko mbali na hajui kinachofanyika.

4. *Tupeleke malalamiko kwa maandishi* kwa NEMA, na nakala kwa Kamati ya Mazingira ya Kaunti. Tajeni sharti lililovunjwa. Kuhusu maji, ombeni mkaguzi ayachote mwenyewe yakapimwe katika maabara inayotambuliwa. Chupa mliyojaza wenyewe inaweza kukataliwa.

5. *Tusiogope ngazi ya juu.* Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu mazingira, hata kama si yeye aliyeumia.

Yaliyotokea kisimani

Wale wenzetu wa Ras Kitau walipoona masharti, walikuta imeandikwa wazi: maji machafu yaingie katika shimo lililojengewa kwa saruji, siyo mchangani. Waliandika daftari kwa wiki sita. Mkaguzi alikuja mara ya pili walipoandika, na shimo likajengwa. Je, kisima kimepona? Bado. Kina mama wanasema harufu imepungua, lakini hawaogeshei watoto wachanga maji yale mpaka yapimwe tena. Mchanga hausahau upesi.

Tukumbuke Takwa, hapohapo Manda. Ulikuwa mji wenye msikiti na nyumba za mawe, ukaachwa karne ya 17, na wengi husema ni kwa sababu maji ya visima yaliingia chumvi. Kisiwa kikikosa maji, watu huhama. Maji hayaulizi huyu anasali wapi, kwa hiyo kazi hii tuifanye pamoja na jirani zetu Waislamu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika mtaa wetu kuna mradi gani wenye leseni? Tunajua masharti yake?
- Ni nani kati yetu ataweka daftari, na nani atamsaidia akisafiri?
- Je, sisi wenyewe vyoo na takataka zetu tunaviweka wapi? Tutamwambiaje mwenzetu asafishe ikiwa kwetu ni vilevile?